Nahodha afanye nini watekaji nyara wanapokuwa wanaanga wake mwenyewe waliopagawa?

Mtunzi_wa_Kaskazi aliuliza:

Habari zenu, ndugu zangu. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikiandika hadithi ya kubuni inayotokea ndani ya chombo cha anga kiitwacho Kaskazi, chenye wanaanga thelathini na mmoja, ambacho kimekuwa safarini kati ya nyota kwa miaka kumi na miwili. Katika sura ya sita, watatu kati yao wanatoka nje kutengeneza antena, na wanaporudi ndani si wao tena. Miili ni ile ile, lakini anayeitembeza ni mgeni asiye na mwili, aliyeishi kwenye giza la anga kwa karne nyingi. Wageni hao wanaliteka bwalo wakati wa chakula cha jioni, wanawafungia humo watu tisa, na wanamtaka nahodha ageuze chombo kirudi Duniani, ambako wamesikia kuna miili ya kutosha.

Mwanzo wa tukio umenitoka vizuri. Kinachonishinda ni yanayofuata. Nimeiandika sehemu hiyo mara nne, na kila mara nahodha anatishia kulifungua bwalo kwenye ombwe, yaani huko nje kusiko na hewa, wageni wanaogopa, na mambo yanamalizika kwa kurasa tatu. Dada yangu, ambaye ndiye msomaji wangu wa kwanza, aliniambia kwamba alifika mwisho kabla chai yake haijapoa. Naomba mnisaidie: mvutano wa namna hii huendeshwaje hata ukachukua saa nyingi bila kumchosha msomaji, na nahodha ataumalizaje ilhali akimpiga risasi mtekaji atakuwa amemuua mhandisi wake?

Kipanga77 alijibu:

Kwa nini nahodha asipulize gesi ya usingizi kupitia mabomba ya hewa? Watekaji na mateka watalala pamoja, mlango utafunguliwa, na waliopagawa watafungwa kamba kabla hawajaamka.

MzeeWaZamu alijibu:

Ndugu Kipanga, gesi ya usingizi ni rahisi kwenye karatasi tu. Mwezi Oktoba 2002, katika ukumbi mmoja wa maonyesho mjini Moscow, vikosi vya Urusi vilipuliza gesi ya kulevya kupitia mfumo wa hewa baada ya mateka kushikiliwa kwa takriban siku tatu. Watekaji walilala kweli, lakini mateka wapatao 130 walipoteza maisha, wengi wao kwa gesi hiyo hiyo, kwa sababu mtu aliyeleweshwa namna ile anahitaji kusaidiwa kupumua mara moja, na madaktari waliokuwa nje hawakuwa wameambiwa wanatibu sumu gani. Ndani ya chombo cha anga hakuna hata hao madaktari wa nje.

Sasa nimgeukie mtunzi. Nilifanya kazi ya ulinzi kwa muda mrefu, na ninaona kosa la sura yako liko kwenye haraka ya nahodha. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, polisi wa nchi nyingi walikuwa wakifanya kama anavyofanya yeye: wanatoa amri, wanahesabu, kisha wanavunja mlango. Baada ya msiba wa Olimpiki ya Munich mwaka 1972, ambapo wanamichezo na makocha 11 wa Israeli waliuawa, polisi wa New York walianza kufikiri upya. Harvey Schlossberg, mpelelezi aliyekuwa pia na shahada ya uzamivu ya saikolojia, alishirikiana na Frank Bolz kujenga utaratibu wa mazungumzo ambao msingi wake ni kurefusha muda. Mtekaji aliyetoka tu kuuteka mlango ana jazba, na kila saa inayopita bila mtu kuuawa humpunguzia jazba hiyo na kumwongezea njaa, usingizi na mashaka. Kwa hiyo ukiwa mtekaji hupewi kila unachoomba, wala hukataliwi moja kwa moja. Ukiomba mikate, utaulizwa ni mingapi, ya namna gani, nani hali nyama, na mlango gani utumike kuipitishia, na ukija kupata jibu saa mbili zimekwisha na umezoea kuongea.

Jambo la pili, ambalo naliona kuwa kubwa zaidi kwa hadithi yako, ni kwamba anayeamuru hazungumzi na mtekaji, na anayezungumza na mtekaji haamuru. Mpatanishi lazima aweze kusema kwa ukweli, “Sina uwezo wa kukubali hilo, ngoja nikaulize.” Nahodha hawezi kusema hivyo, kwa sababu kila mtu aliyemo chomboni, pamoja na mgeni aliyekaa ndani ya kichwa cha mhandisi, anajua kwamba hakuna aliye juu yake. Ukimweka yeye kwenye kipaza sauti, umejifungia mlango wa kuchelewesha. Mweke mtu mwingine, na nahodha akae chumba cha pili akisikiliza kila neno huku amefungwa mdomo. Hapo ndipo utakapopata kurasa zako nyingi.

Wakati mazungumzo yanaendelea, kazi nyingine hufanyika kimya kimya. Ubalozi wa Iran mjini London ulipotekwa kwa siku sita mwaka 1980, polisi walitoboa kuta ili kupenyeza vinasa sauti, na ili keekee isisikike waliomba ndege zinazoelekea uwanja wa Heathrow zipite chini zaidi, wakaleta pia mafundi wa gesi wachimbe barabarani. Jiulize ndani ya Kaskazi ni sauti gani inaweza kufunika sauti nyingine.

Nitaongeza tukio moja ambalo halina utamu wowote. Desemba 1975, vijana wenye asili ya Maluku Kusini, visiwa vya Indonesia, waliteka treni karibu na kijiji cha Wijster, Uholanzi, wakaishikilia kwa siku kumi na mbili. Walimchagua mhariri mmoja wa gazeti wamuue. Yeye aliomba kwanza aache maneno kwa familia yake, na watekaji wakamsikia akieleza ndoa yake na mambo yake ya nyumbani yasiyokuwa mazuri. Walishindwa kumuua. Wakamchukua mwingine badala yake. Ninakuachia mtunzi uamue kama wageni wako, wasiojua nyumba wala ndoa, wanaweza kuguswa na maneno kama hayo, maana mimi sioni njia.

BintiMkunazini alijibu:

Shikamoo, Mzee. Nimeyasoma maelezo yako mara mbili, na naomba ruhusa yako niingilie hapo ulipoishia, kwa sababu nadhani njia ipo na sisi watu wa pwani tunaijua, awe mtu anaamini mambo ya pepo au haamini.

Kaka mtunzi, mtu aliyepandwa na pepo kwetu huitwa kiti. Hatumwiti adui wala mgonjwa, kwa kuwa pepo amekuja na kumkalia, na siku akiondoka kiti kitabaki na lazima kibaki kizima. Mganga anayepunga pepo anajua tangu mwanzo kwamba mbele yake kuna wawili ndani ya ngozi moja, anayedai na anayetekwa, na hawezi kumwadhibu wa kwanza bila kumuumiza wa pili. Hayo ndiyo matatizo ya nahodha wako, na watu wamekuwa wakiyashughulikia uani na barazani tangu zamani. Mateka wa kwanza wa chombo chako ni wale watatu, na ukiwahesabu pamoja na wale tisa utaona kwamba ndani ya bwalo mna mateka kumi na wawili.

Nilipokuwa na miaka kumi hivi, jirani yetu alipandisha uani kwetu wakati wanawake wanakuna nazi. Mganga alipofika hakupaza sauti. Alikaa mkekani, akasogeza chetezo cha udi, akamwuliza kwa adabu kama anayemkaribisha mtu aliyepiga hodi: wewe nani, umetoka wapi, umekuja na nani, unataka nini? Sauti iliyomjibu ilikuwa nzito, ya mwanamume, na ilikuwa imekasirika kwa sababu ya ahadi iliyotolewa zamani na mama yake kiti na haikutimizwa. Ilitaka pete ya fedha. Mganga hakuikubali pete papo hapo. Alisema wenye mji watakaa washauriane, ambayo ni ile ile “ngoja nikaulize” ya Mzee. Muda wote huo mkono wa kushoto wa jirani yetu ulikuwa unachuruzika damu, kwa kuwa aliangukia kwenye meno ya mbuzi ya kukunia, na aliyekuwa akiongea kwa kinywa chake hakuutazama hata mara moja. Bibi yangu alimsogelea, akamfunga kipande cha kanga, na mazungumzo yakaendelea juu ya kichwa chake. Jioni jirani alizinduka akiwa hana sauti kabisa, akauliza ni nani aliyemfunga mkono.

Katika mkono ule ndimo mlimo sura yako. Pepo wa kwetu wanajua miili, wamekuja mara nyingi, na kila mmoja ana matakwa yake: ruhani hutaka marashi na usafi, na kibuki, anayenasibishwa na Bukini, yaani Madagaska, hudai brandi hata kama kiti ni mtu asiyewahi kugusa pombe. Lakini wageni wako hawajawahi kuwa na mwili. Hawajui kiu. Hawajui kwamba jicho likikaa wazi linauma, wala kwamba kibofu kinajaa. Saa zile za Mzee, zinazomchosha mtekaji wa kawaida, zitawachosha hawa kwa namna ya kuwatisha, kwa sababu hawana jina la kinachowapata.

FundiWaHewa alijibu:

Nitakuwa mfupi. Bwana mtunzi, wageni walioishi kwenye ombwe kwa karne nyingi wataogopaje ombwe? Nahodha akilifungua bwalo, wao watarudi nyumbani na watakaokufa ni watu wake kumi na wawili. Wala nahodha hatapata nafasi ya kubadili mawazo. Tarehe 30 Juni 1971 vali moja ya chombo cha Kisovieti, Soyuz 11, ilifunguka wakati chombo kinarudi Duniani, hewa ikatoka, na wanaanga watatu ambao hawakuwa na mavazi ya kukinga mgandamizo wakapoteza fahamu upesi, wakafa. Ondoa tishio hilo kabisa.

Ulicho nacho ni hewa ya ukaa. Mtu mmoja hutoa karibu kilo moja kwa siku, kwa hiyo bwalo lako lenye watu kumi na wawili na mlango uliofungwa linahitaji vichujio vipya kila baada ya muda. Katika safari ya Wamarekani ya Apollo 13, Aprili 1970, watu watatu walijibana kwenye chombo cha kutulia mwezini kilichotengenezwa kwa ajili ya wawili, na hewa hiyo ilipanda hadi wakalazimika kuunganisha vichujio vya mraba kwenye matundu ya duara kwa mifuko ya plastiki, makaratasi magumu na utepe wa gundi. Vichujio ndivyo mikate ya Mzee. Ili kupitisha kimoja, mlango ufunguliwe kidogo na mtu mmoja atoke.

Tena, nadhani chombo kilisimamisha mzunguko wake, ambao ndio unaowapa watu uzito, ili antena itengenezwe, kwa hiyo hakuna uzito ndani. Pasipo uzito, hewa moto haipandi. Feni zikizimwa, pumzi unayoitoa hubaki mbele ya uso wako na utaivuta tena. Anayetulia mahali pamoja ndiye anayeanza kuumwa kichwa, na watekaji wanaolinda mlango hutulia mahali pamoja. Feni za vyombo vya anga zina kelele, kwa hiyo zikizimika kila mtu atajua. Hiyo ndiyo sauti ambayo Mzee alikuwa akiitafuta, ila imegeuzwa: kitakachowashtua ni ukimya.

Mtunzi_wa_Kaskazi alijibu:

Nawashukuruni nyote, na Mzee, shikamoo. Nimeifuta sura yote. Nahodha nimemtoa kwenye kipaza sauti na kumweka tabibu, mtu mpole ambaye nahodha hamwamini sana, jambo ambalo tayari limenipa ugomvi mzuri nje ya bwalo. Mpishi yumo ndani miongoni mwa mateka. Naomba mnisomee kipande hiki cha saa ya tano:

*“Huyo uliyemkalia amejikata,” alisema tabibu kupitia kipaza sauti cha ukutani. “Mkono wa kulia. Mruhusu mpishi aufunge.”*

*Mhandisi aliuinua mkono akautazama kwa mara ya kwanza. Matone ya damu yalikuwa yamemzunguka kiganja kama shanga zilizokatika uzi.*

*“Hii ni yangu?” aliuliza.*

*“Ni yake. Na ana kiu pia. Ndiyo maana sauti unayoitumia inakwaruza.”*

*“Kiu ni nini?”*

*Tabibu hakujibu. Katika chumba cha pili nahodha alifumba macho, kwa kuwa mhandisi yule alikuwa akimdai mchezo wa bao tangu Jumanne. Mpishi alijisukuma taratibu kutoka kwenye meza, akiwa na kitambaa menoni mwake na kifuko cha maji chenye mrija mkononi, akamwita mhandisi kwa jina alilopewa na mama yake.*

BintiMkunazini alijibu:

Hapo kwenye jina umepatia. Ila mpishi aanze na kitambaa, maji yafuate. Bibi yangu alianza na kidonda.

Kipanga77 alijibu:

Nimeiacha gesi yangu. Lakini hao wawili wengine wako wapi wakati huyu anakunywa?

Mtunzi_wa_Kaskazi alijibu:

Wako mlangoni, ndugu yangu. Wanaangalia koo lake linavyopanda na kushuka, na mmoja wao ameanza kulamba midomo.