Kuzigeuza nywele za kahawia kuwa za dhahabu kwa siku chache

Mkazi wa Jinja
Ndugu zangu, nywele zangu ni za kahawia iliyokolea na zinafika mabegani. Wiki tatu zijazo dada yangu ana kwanjula, yaani sherehe ya kumtambulisha mchumba nyumbani, nami ningependa kuonekana na nywele za dhahabu siku hiyo, kisha Jumatatu nirudi kazini na rangi yangu, kwa kuwa mwajiri wetu havumilii mambo hayo. Je, ipo dawa ya kupaka nyumbani inayopunguza rangi kwa muda, kisha ikaoshwa na kutoka? Jirani ameniambia nipake maji ya ndimu na kukaa juani.

Msusi wa Ntinda
Mdogo wangu, dawa hiyo haipo. Rangi inayotoka kwa kuoshwa hukaa juu ya unywele tu, kwa hiyo inaweza kuongeza rangi lakini haiwezi kuipunguza. Ili nywele ziwe nyeupe zaidi, ni lazima melanini, yaani rangi ya asili iliyomo ndani yake, ivunjwe kwa dawa ya kupausha iitwayo haidrojeni peroksidi, na ikishavunjwa hairudi. Utasubiri nywele mpya ziote, takriban sentimita 1 kwa mwezi. Tena zile za kahawia hupitia kwanza wekundu, kisha rangi ya chungwa, na wengi wanaojaribu wenyewe hukwama hapo. Ndimu nayo si ya muda: ikipunguza rangi, hairudi, na maji yake yakibaki kwenye ngozi juani yanaweza kukutoa malengelenge.

Mkazi wa Mbale
Mimi nilijaribu hiyo peroksidi, tena juu ya nywele zilizokwisha kutiwa dawa ya kulainisha. Nilipozisuuza zilikuwa kama tambi zilizolowa: nikivuta unywele unarefuka, haurudi, kisha unakatika. Nilinyoa zote.

Mkazi wa Jinja
Zangu hazina dawa. Hata hivyo nimeogopa. Nifanyeje, na gomesi, lile gauni letu la sherehe, nimeshashonesha?

Msusi wa Ntinda
Rasta za dhahabu zingekupendeza, ila kuzisuka na kuzifumua kwa ajili ya siku moja ni kazi bure. Nunua wigi, usuke mistari midogo iliyolala ili likae vizuri, na ulijaribu pamoja na gomesi mbele ya dirisha, kwa sababu dhahabu ya dukani mara nyingi huonekana manjano mchana. Ipo pia nta ya rangi, inayofunika hata nywele nyeusi na kuoshwa jioni, lakini shughuli kama hiyo ni ya kukumbatiana, nayo itabaki kwenye mabega ya gomesi za shangazi zako.