Wanafunzi wa Uholanzi wanakuja Naivasha na wetu wanaenda kwao, tuwape kazi gani kwenye maua?

Mwalimu wa Hoti
Habari zenu wadau. Nafundisha kilimo cha mboga na maua kwenye chuo cha ufundi huku karibu na Naivasha. Tumepata ushirikiano na chuo cha ufundi cha Uholanzi, vijana wao watakaa kwetu wiki kadhaa halafu baadhi ya wetu nao waende kule. Mada tuliyokubaliana ni kilimo cha maua kisichoharibu ziwa na udongo. Sasa shida yangu, nimeona ziara za namna hii zikiishia kwa picha za twiga na samaki wa kukaanga pale ziwani, mwanafunzi anarudi nyumbani hajui hata maji yanayomwagilia waridi yametoka wapi na yanaenda wapi yakishapita kwa mizizi. Na kitu kingine kinaniuma, vijana wetu wakiona wageni wananyamaza kabisa, wanadhani kazi yao ni kusikiliza, na hapa maua ya kuuza nje yamelimwa tangu miaka ya 70 jamani! Nataka kila upande ufundishe na ufundishwe. Nyinyi mlio mashambani au mliowahi kwenda, mngewapa kazi gani ya mikono?

Skauti South Lake
Mwalimu wape utitiri mwekundu, wale wadudu wadogo sana wanaofyonza majani ya waridi. Tenga vitanda vichache kwa grinihausi, kila timu iwe na Mkenya mmoja na Mholanzi mmoja, lenzi ya mkononi na karatasi ya kuhesabia. Wageuze majani ya chini wahesabu utitiri, na wahesabu pia Phytoseiulus, yule mdudu anayekula utitiri ambaye mashamba mengi huku yanamwachilia badala ya kupiga dawa kila wakati. Wiki inayofuata warudi vitanda vilevile. Ukihesabu mwenyewe ndio unaelewa kwamba mtu akija na dawa kali ya thripsi (wadudu wengine wadogo wa maua) anaua Phytoseiulus wote wanaolinda mimea, utitiri unarudi kwa fujo na pesa ya kununua wale wadudu imeenda na maji.

Usisahau FCM, yule nondo ambaye kiwavi wake anajificha ndani ya tumba. Tangu mwisho wa Aprili 2025 Ulaya wanataka waridi zitoke kwenye mfumo mzima, yaani mitego, skauti wa kukagua wadudu, usafi wa shamba, ukaguzi pakihausi (pale maua yanapofungashwa), si kuangalia mzigo siku ya mwisho tu. Kijana wa kule akae na sisi aone kazi inayofanyika ndio boksi moja lifike JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi. Na kwa hii kazi atakayeeleza ni kijana wako mwalimu, kwa sababu ndiye anaishi nayo.

Niliishi Westland
Mimi nilifanya atachmenti (mafunzo ya kazini) kule Uholanzi kwa hiyo niongeze upande wa maji. Yale maji yanayotoka chini ya mimea hayatupwi, yanakusanywa, yanauliwa vijidudu vya magonjwa kwa mwanga wa UV au kwa joto, EC (kipimo cha chumvi na mbolea iliyomo majini) na pH (kipimo cha uchachu) inarekebishwa halafu yanarudi kwa mimea. Si hiari ya mtu, tangu Januari 2018 mkulima wa grinihausi akitaka kumwaga maji lazima kwanza yapite kwenye mtambo unaoondoa angalau asilimia 95 ya dawa. Huku pia kuna mashamba yanazungusha maji hivyo na kuna mengine yana madimbwi ya matete ya kuchuja. Wapime EC ya maji yanayoingia na yanayotoka, kila siku, pande zote mbili, na namba wabadilishane.

Halafu wapige hesabu ya paa. Milimita 1 ya mvua kwa mita 1 ya mraba ni lita 1, kwa hiyo hekta moja ya paa ikipata milimita 600 kwa mwaka ni lita milioni 6. Waridi tuseme zinakunywa lita 4 kwa mita ya mraba kwa siku, kwa hekta hiyo inapita lita milioni 14 kwa mwaka. Usiwaambie pengo linajazwa na nini, waache watembee hadi kwenye pampu wajionee. Wazee wa pale watawaeleza ziwa lilivyorudi nyuma ukame wa 2009.

Na vijana wetu wasiende kule wakidhani kila kitu chao ni safi. Utafiti wa chuo kikuu cha Cranfield wa 2007 ulikuta waridi za Kenya, hata ukiweka na ndege, zina hewa ukaa chini karibu mara sita kuliko za Uholanzi, sababu wao wanapasha joto na kuwasha taa na sisi tuna jua. Ni utafiti wa zamani na wenzetu wamebadilika, wana LED na joto la ardhini, kwa hiyo waende na maswali, wasome mita za gesi na umeme za shamba watakalofikia.

Mdau wa Usa River
Wakuu mmeongea vizuri sana ila hakuna aliyetaja watu. Ua haliwezi kuitwa endelevu kama mvunaji anarudishwa kwenye kitalu nyumba kabla muda wa dawa haujaisha. Wanafunzi wakae na wavunaji na wapiga dawa, waulize glovu zinabadilishwa lini, mama mjamzito anahamishiwa kazi gani, mkataba ni wa miezi mingapi. Na wakifika Uholanzi waulize maswali hayohayo, maana vitalu vya kule navyo vinategemea sana vibarua wahamiaji, wengi wametoka Poland na nchi za jirani. Hapo mazungumzo yanakuwa ya watu sawa.

Pia mwalimu, wanaosafiri watakuwa wachache, viza na nauli si mchezo, anzeni mapema. Msichague wenye Kiingereza cha kunyooka peke yao. Na kila anayebaki apewe mwenzake wa kule wa WhatsApp, watumiane hizo namba za EC na za utitiri.

Mwalimu wa Hoti
Asanteni sana, hii ya wavunaji kweli haikuwa kwenye ratiba na inaingia leo. Nimeamua utitiri na maji ndio kazi kuu mbili, ziara za kutembeatembea nazipunguza. Skauti, lenzi mnazotumia zinakuza mara ngapi na mnanunua wapi? Bajeti ya vifaa natakiwa kuipeleka Ijumaa.

Skauti South Lake
Mara kumi inatosha mwalimu, zile za kukunja. Duka nakutumia inbox. Nunua na kamba za kufunga shingoni maana zikianguka kwa kokopiti (yale makumbi ya nazi tunayopandia) huzioni tena.