Tovuti ya milango ya kuchonga: miaka miwili hakuna anayeiona. Kuandika makala kutanisaidia?

Fundi Mfaa (Bagamoyo)

Wakuu, salaam. Mimi ni fundi wa milango ya kuchonga hapa Bagamoyo, kazi niliyoikuta kwa baba mkubwa. Banda langu liko njia ya Kaole. Anayepita ananiona, asiyepita hanijui. Miaka miwili iliyopita mpwa wangu alinitengenezea tovuti kwa WordPress, programu ya kujengea tovuti: ukurasa wa mwanzo, kuhusu sisi, picha, mawasiliano. Nailipia kila mwaka. Simu niliyopigiwa kwa ajili ya tovuti hiyo ni moja tu, na huyo naye alikuwa anauza tovuti.

Mwaka jana watu fulani wa Dar wakaniambia dawa ni blogu. Nikalipia makala 20, zikaja kwa siku mbili. Ya kwanza inaitwa "Umuhimu wa Mlango Katika Maisha ya Binadamu". Nimeisoma mara tatu sijaelewa inasema nini, na mninga haukutajwa hata mara moja. Wakajaza pia kwa ndani huko, msomaji asikoona, orodha ya maneno: "mlango, milango, mlango bora, mlango Tanzania", wakasema ndicho chakula cha Google.

Juzi kaja mteja wa Kigamboni, kaletwa na bodaboda. Anasema alitafuta "mlango wa kuchonga Bagamoyo" kwenye simu, akaletewa maduka ya Unguja na picha za milango ya kale ya Mtaa wa India wa hapa mjini. Roho iliniuma.

Swali: hii blogu ni kazi ya kweli, au ni biashara ya wanaouza blogu? Na kama ni kweli, niandike nini? Mkono wangu umezoea patasi.

Kijana wa Mapinga

Mzee, blogu ilishakufa. Piga video ukiwa unachonga, rusha TikTok, watu wanapenda hata mlio wa nyundo tu.

Mama Wageni (Tanga)

Shikamoo fundi. Umri wako siujui, nimetanguliza tu.

Kijana hajakosea kuhusu video, ila mtu anayejenga nyumba na pesa anayo mkononi hangoji video imdondokee. Anauliza, na anauliza Google. Sasa kama jibu huna, ataenda kwa mwenye nalo.

Nina nyumba ya wageni Raskazone, vyumba sita. Nilianza vibaya kama hao wa kwako. Nikaandika "Karibu Tanga, mji wa kihistoria wenye ukarimu". Aliyeisoma ni dada yangu. Halafu nikagundua kila asubuhi mezani wageni wananiuliza jambo lilelile: Mapango ya Amboni nafikaje bila gari? Nikakaa nikaandika jibu lile kama ninavyolisema wakati nawamiminia chai: ni kilomita kama 8, unatoka kwa barabara ya Horohoro, vaa viatu visivyoteleza, chukua tochi yako hata kama mwongozaji anayo. Basi. Ukurasa huo mmoja unaniletea watu kuliko kurasa zangu zote, na wengi wanauliza chumba humohumo.

Wewe wateja wanakuuliza nini kabla ya kutoa pesa? Andika hayo, kila swali na ukurasa wake, na kichwa kiwe maneno ya mteja mwenyewe. Usiite "Teknolojia ya Mbao". Ita "Mninga au mkongo: upi kwa mlango wa nje?" Na picha zako usiziache na jina la IMG_2043. Ziite kwa kilichomo, na chini uandike mti gani, ukubwa gani, umekwenda wapi.

Hayo makala 20 futa. Machi 2024 Google waliweka kanuni ya wazi dhidi ya kurasa zinazozalishwa kwa wingi ili kuvuta utafutaji tu. Na orodha ile ya "mlango, milango" walitangaza tangu 2009 kuwa hawaiangalii. Umeuziwa chakula kilichochacha.

Mtundu wa Ngamiani

Kabla fundi hajaandika hata mstari: andika kwenye Google neno site: halafu, bila kuacha nafasi, anwani ya tovuti yako. Zitakuja kurasa zako ambazo Google inazijua. Ni ngapi?

Fundi Mfaa

Marahaba, Mama Wageni, nina mvi za kutosha.

Mtundu, nimefanya. Haikuja hata moja.

Mtundu wa Ngamiani

Nilihisi. Ingia WordPress, Mipangilio, kisha Kusoma. Kuna kisanduku kinachoziomba injini za utafutaji zisiorodheshe tovuti. Watu hukitia tiki wakati wa kujenga, wakasahau. Kiangalie.

Fundi Mfaa

Kina tiki.

Miaka miwili nalipia duka lililofungwa kwa ndani! Nimempigia mpwa wangu, yuko Morogoro, anacheka.

Mama Wageni

Heri yako. Google haijaiona ile ya Maisha ya Binadamu.

Mtundu wa Ngamiani

Ondoa tiki. Kisha jisajili Search Console, chombo cha Google kwa wenye tovuti, ni bure, wasilisha ramani ya tovuti, yaani orodha ya kurasa zako. Ngoja siku kadhaa, pengine wiki. Baadaye humo utaona maneno yenyewe ambayo watu waliyaandika mpaka wakakuona, inaweka kumbukumbu za miezi 16. Hapo ndipo pa kuokota mada.

La pili, fungua wasifu wa biashara wa Google ili banda litokee kwenye ramani. Siku hizi mara nyingi wanataka video kuthibitisha kwamba upo, kwa hiyo safisha maranda kwanza. Mtu akitafuta fundi wa karibu, ramani ndiyo hutangulia. Kwa huyo wa Kigamboni ingekusaidia kuliko makala.

Andika Kiswahili, na Kiingereza kwenye ukurasa wa peke yake kwa ajili ya hawa wenye hoteli. Usichanganye.

Mpita Njia

Leseni ya blogu je? Kanuni za Tanzania za maudhui ya mtandaoni za 2018 ziliwafanya wanablogu wengi wafunge.

Mtundu wa Ngamiani

Zilifutwa 2020 zikawekwa nyingine, nazo zikarekebishwa 2022. Fundi anaeleza bidhaa zake, hatangazi habari. Lakini TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wapo, kuuliza si kosa.

Fundi Mfaa

Usiku nimejaribu. Someni, msinionee haya:

*"Jinsi ya kupima nafasi ya mlango kabla ya kuja kwangu. Usipime mara moja. Nyumba zetu za zamani za mawe na chokaa hazina pembe ya kweli, na za tofali wakati mwingine ni hivyohivyo. Pima upana juu, kati na chini, uniletee ule mdogo kuliko yote. Kisha vuta tepu kutoka pembe hadi pembe, mara mbili. Namba mbili zikitofautiana, ukuta umelala, na ni heri nijue leo kuliko siku ya kufunga. Mwaka fulani nilifunga mlango wa pande mbili kwa vipimo vya simu. Ulifunga vizuri kiangazi. Masika ilipoingia, mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, ukang'ang'ania, mwenye nyumba akawa anapitia jikoni. Niliuranda bure."*

Mama Wageni

Usibadilishe hata neno. Ila weka bei, hata ya kuanzia.

Fundi Mfaa

Bei? Hapo mnataka nigombane na mafundi wenzangu wa njia nzima. Ngoja niwaulize kwanza.