Kikundi cha ukoo: kompyuta ya Mjomba inayojichezea sidii

Mjomba Sefu: Asalamu aleikum, wanangu. Jana usiku nilitia sidii ya kaswida kwenye kompyuta yetu kuukuu ili ninakili nyimbo mbili tu kwenye flashi, lakini kabla sijagusa kitu ikaanza kupiga yenyewe, ikamwamsha mtoto chumba cha pili. Naizuiaje?

Rukia: Waaleikum salaam. Shikamoo, Mjomba. Kama bado ina Windows 7, bofya Start, fungua Control Panel, kisha andika AutoPlay kwenye kisanduku cha kutafutia kilicho juu kulia. Utaona orodha ndefu ya aina za diski. Mbele ya Audio CD chagua Take no action, yaani isifanye lolote, halafu teremka hadi chini kabisa ubofye Save, kwa sababu ukifunga dirisha bila kuhifadhi utakuwa umejisumbua bure.

Hamisi: Kwa nini asiondoe ile tiki iliyo juu kabisa ya ukurasa huo, ili pasiwe na diski wala flashi yoyote itakayojifungua? Mimi nahofia virusi. Conficker, ile programu haribifu ya mwaka 2008, ilisambaa pia kupitia flashi zilizojiendesha zenyewe.

Shangazi Mwanaidi: Hapana, Hamisi. Mama anatazama dividii za harusi kwenye kompyuta hiyo hiyo, na anachojua yeye ni kutia diski na kurudi kwenye kiti chake. Mkizima kila kitu, nitakuwa naitwa kutoka jikoni kutwa nzima.

Rukia: Tiki ibaki, Mjomba, na mbele ya DVD movie chagua programu anayoitumia Bibi. Hamisi, Windows 7 hairuhusu programu iliyo kwenye flashi kujiendesha, na matoleo ya Windows yaliyoitangulia, XP na Vista, yaliletewa zuio hilo Februari 2011. Hata hivyo zuio hilo halihusu sidii, kwa hiyo diski msiyoijua ilikotoka msiitie.

Mjomba Sefu: Marahaba, Rukia. Nimefanya yote, nimehifadhi, nimezima na kuwasha kompyuta, na kaswida imepiga tena.

Rukia: Sidii hiyo ina nyimbo ngapi?

Mjomba Sefu: Zinapita mia moja. Alinichomea kijana wa stendi.

Rukia: Basi nimeelewa. Sidii ya kawaida ya muziki haizidi dakika 80 hivi, kwa hiyo nyimbo mia moja lazima zimewekwa kama mafaili ya MP3, na kompyuta haiihesabu kuwa Audio CD. Teremka kidogo hadi Audio files, ambako bila shaka kuna mtu aliwahi kuchagua zipigwe moja kwa moja, uweke pia Take no action. Kama kijana huyo alichanganya na picha, rudia hivyo hivyo kwenye Mixed content.

Shangazi Mwanaidi: Nawashuku wale watoto waliokuja likizo.

Rukia: Siku ukitaka kunyamazisha diski moja tu, Mjomba, shikilia kitufe cha Shift unapoisukuma trei ndani, usikiachie mpaka taa iache kumetameta.

Mjomba Sefu: Sasa imetulia. Nimeingia Computer, nimebofya alama ya sidii kwa kitufe cha kulia cha kipanya, nikachagua Open, na nyimbo zangu mbili zimeshaingia kwenye flashi. Dividii ya Bibi yenu nayo imeanza yenyewe kama alivyozoea.