Kuhusu: Shahada ya uhasibu imepunjwa krediti

Kutoka Minneapolis:
Wanajumuiya, salaam. Jana nimepokea ripoti ya tathmini ya shahada za nje ambayo bodi ya uhasibu ya jimbo inaitaka kabla ya mtihani wa CPA (leseni ya uhasibu ya Marekani), na shahada yangu ya miaka mitatu imehesabiwa kuwa krediti 94 tu. Somo la Uhasibu wa Serikali, lililonitoa jasho muhula mzima, limetupwa kwenye fungu la masomo ya kawaida kwa sababu transkripti haikuonyesha saa za darasani. Naomba ushauri: nikate rufaa kwa kuagiza silabasi chuoni, au nijazie krediti katika chuo cha jamii?

Kutoka Houston:
Pole sana, dada. Mimi nilimtuma binamu yangu kwa msajili, akakabidhiwa bahasha ya transkripti iliyogongwa mhuri palipofungwa, naye kwa wema wake akaifungua ili ahakikishe kwamba jina langu halikukosewa. Ilikataliwa, tukaanza upya, na miezi minne ikapotea. Kwa vyovyote vile, bila krediti 150 hutaruhusiwa hata kukaribia mtihani.

Kutoka Columbus:
Kaka wa Houston, tusiwatie watu hofu. Krediti 150 ni sharti la leseni. Majimbo mengi humruhusu mwenye shahada na krediti 120 kufanya mtihani, na hata huko kwenu Texas kanuni ilibadilika mwaka 2023. Baadhi ya majimbo sasa yanatoa leseni kwa mwenye shahada ya kwanza na miaka miwili ya kazi, bila hizo 30 za ziada.

Kutoka Houston:
Nilifanya mtihani mwaka 2016, na wakati huo ilikuwa kama nilivyosema. Nashukuru kwa kusomeshwa.

Kutoka Seattle:
Naona mnabishana juu ya mlango, ilhali kinachowaangusha wengi wetu ni FAR, sehemu ya mtihani inayohusu taarifa za fedha. Sisi tumelelewa na IFRS (viwango vya kimataifa vya uhasibu), ambayo Kenya imeitumia tangu 1999 na Tanzania tangu 2004, na mtu akizoea kuthaminisha upya jengo anaduwaa kukuta kwamba GAAP, yaani kanuni za uhasibu za Marekani, haziruhusu. Kisha kuna LIFO, njia ya kuhesabu kwanza gharama ya bidhaa iliyonunuliwa mwisho. Umenunua vipande 100 kwa dola 10 kila kimoja, kisha 100 kwa dola 14, ukauza 100: nyumbani tungeandika gharama ya 1,000 kwa FIFO, inayoanza na iliyonunuliwa kwanza, lakini jibu la kitabu lilikuwa 1,400, nami nilikesha nikitafuta kosa katika hesabu yangu ambayo haikuwa na kosa. Usiku ule nilimkumbuka mwalimu wetu wa leja, aliyepiga marufuku kifutio darasani: ukikosea, unapiga mstari mmoja kwa rula na kuweka sahihi pembeni, ili kosa lako libaki likisomeka. Wale waliofundishwa hivyo leo wanapanga foleni za usaili, huku nafasi zikienda kwa wenye wajomba wizarani.

Kutoka Atlanta:
Tuyaache ya wajomba. Uhasibu si CPA peke yake, dada yangu. Mimi nilichukua EA, yaani leseni ya wakala wa kodi, ambayo haidai shahada wala tathmini: unapata PTIN (nambari ya mtayarishaji wa kodi), unafaulu sehemu tatu za mtihani wa kodi, IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, inakuchunguza kama ulipaji wako mwenyewe wa kodi ni safi, kisha unaweza kumwakilisha mteja mbele yake katika jimbo lolote. Usingizi ni haba kuanzia Februari hadi tarehe 15 Aprili, lakini kazi ipo. Anayependa gharama za viwandani na bajeti atazame CMA, cheti cha uhasibu wa menejimenti, chenye mtihani wa sehemu mbili.

Kutoka Minneapolis:
Nawashukuru nyote. Naomba kurudi kwenye silabasi, kwa kuwa muda wa rufaa unakwisha Ijumaa: je, kuna aliyewahi kurudishiwa krediti zake?

Kutoka Columbus:
Dada wa Atlanta, PTIN huhuishwa kila mwaka? Yangu naona imekwisha Desemba, na tayari nina wateja wawili wanaosubiri.