Albamu ya kwanza ya binti wa Lamu imegeuzwa ndoo ya maji, na wakala anatujibu kwa mashine

Wanajamvi, asalaam aleikum. Nina hasira, kwa hivyo nikikosea herufi mnisamehe. Mimi silipwi kuandika. Wao walilipwa.

Nina kibanda hapa Langoni. Nilianza na kaseti, zikaja CD, sasa nawatilia watu nyimbo kwenye flashi na kubadilisha vioo vya simu. Mwaka 2019 binti wa jirani yangu alitoa albamu yake ya kwanza, nyimbo tisa, dakika 34. CD nilizikopi mwenyewe na kava nikazikata kwa mkasi. Albamu inaitwa Ndoo. Kwa Kiamu, Kiswahili chetu cha Lamu, ndoo ni njoo. Mke anamwita mumewe arudi kutoka ng'ambo, basi.

Mwaka jana akapata wakala wa kumpandishia kazi kwenye majukwaa ya muziki. Akajaza fomu, akatuma pesa. Siku ilipotoka tukakusanyika kibandani kuitazama. Chini ya jina la albamu pamewekwa tafsiri ya Kiingereza, na tafsiri yenyewe ni ile ndoo ya kuchotea maji kisimani! Wimbo wa tatu, Mato Yako, yaani macho yako, mtu ameona hiyo si lugha akausahihisha: Moto Yako. Hata angeandika Moto Wako ningejua alipita darasani.

Wakaandika lugha ya nyimbo: Kiarabu. Aina ya muziki: taarab. Nimeuliza taarab wameisikia wapi. Udi hamna, kanuni hamna, fidla hamna. Ni kinanda na ngoma za kompyuta, pop ya vijana, na wimbo mmoja tu umetiwa chakacha. Sisi taarab tunaijua, marehemu Zein l'Abdin na udi wake alizaliwa hapa hapa Lamu. Lakini binti amevaa buibui kwenye kava na nyuma yake kuna mlango wa nakshi, ikawa wameshamaliza kusikiliza. Sasa anayetafuta taarab anamfungua, anakuta kinanda, anamfunga. Anayetafuta pop hamwoni kabisa.

Tena wameiita EP, yaani kazi fupi isiyofika albamu. Kipimo kinachotumika sana kwenye majukwaa ni kwamba nyimbo zikifika saba, au muda ukipita dakika 30, hiyo ni albamu. Na mwenye kazi ana kauli yake pia: Zuchu mwaka 2020 alitoa I Am Zuchu, nyimbo saba, akaiita EP, watu wakaiita EP, na albamu yake ya kwanza ikaja 2024. Huyu wetu kwenye fomu ameandika "albamu" kwa mkono wake. Kesho akitoa ya pili itaitwa ya kwanza, kama wale wanaobisha hapa kibandani kuwa Diamond alianza na A Boy from Tandale mwaka 2018, na Kamwambie ya 2010 hawajawahi kuishika.

Mwaka nao umeandikwa wa juzi, wa kupandishwa. Ile alama ya P ndani ya duara ni ya rekodi, na rekodi ilitoka 2019, CD ninazo.

Linalonichoma zaidi ni mtunzi. Mashairi yote tisa ni ya ami yake. Wao wameandika "Jadi", yaani nyimbo za kale zisizojulikana mtunzi. Huyo Jadi ana mato mawili na anakunywa kahawa Mkunguni kila alasiri! Sheria ya Kenya inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, sasa ukishaandika jadi, senti ya utunzi itamtafuta nani? Mzee nilipomweleza alicheka, akasema kumbe amekufa na hatukumwambia. Mimi sikucheka.

Tulipolalamika wakaishusha albamu yote na kuipandisha upya na namba mpya za ISRC. Namba ile ya herufi na tarakimu, jumla 12, ni ya rekodi, inakaa nayo hata jina likibadilika. Wangerekebisha maandishi na kuacha namba. Sasa wasikilizaji wa miezi minne wamebaki kwenye namba za zamani, hesabu imeanza sifuri, na Moto Yako bado uko pale pale.

HARIRI: Mnaoniuliza jina la wakala, sitaliandika, binti bado yuko kwenye mkataba nao. Na ndugu uliyesema "si ni maneno tu, muziki si ule ule", njoo kibandani nikuandikie kitambulisho chako jina la babako ni Jadi.

HARIRI 2: Wamejibu leo asubuhi. "Ombi lako limepokelewa." Ni mara ya tano. Safari hii wameanza na "Mpendwa Ndoo".