Ana pointi 6 za PCB lakini Fizikia ni E: shahada ya optometria inawezekana?

Mlezi_Uyole
Wakuu, shikamooni wakubwa, wengine habari za majukumu. Binti wa kaka yangu amemaliza kidato cha sita Iringa, mchepuo wa PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia). Matokeo: Fizikia E, Kemia D, Baiolojia C, BAM (hisabati tumizi) S, GS (maarifa ya jumla) D. Kidato cha nne ana C kwenye sayansi zote tatu, Kiingereza C, Hisabati D. Anataka optometria, ile taaluma ya kupima macho na miwani, tena shahada moja kwa moja. Steshenari moja pale Mwanjelwa wamemwambia "una pointi 6, jaza tu". Ni kweli? Na kama haiwezekani, njia nyingine ni ipi kwa mtu wa huku Mbeya? Nasikia hata Malawi wanafundisha.

KaratasiYaTatu
Mkuu, asilipe ada ya maombi kwanza.

Hesabu ya steshenari haina kosa. A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1, S 0.5. Kwa hiyo C, D na E zinafika 6. BAM na GS hazihesabiwi humo. Wanachokosea ni kudhani mambo yanaishia kwenye jumla. Kwenye mwongozo wa udahili wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) kila kozi ina mstari wake, na kozi nyingi za shahada za afya huandika masharti mawili kwa pamoja: principal (ufaulu wa A hadi E) tatu za Fizikia, Kemia na Baiolojia zenye jumla isiyopungua 6, halafu kiwango cha chini kwa kila somo, mara nyingi D. Mwenye D D D ana 6 anapita. Mwenye C D E ana 6 ileile anabaki nje. Uchujaji unaenda somo kwa somo, na C ya Baiolojia haiwezi kuikopesha Fizikia.

E yake ni principal halali, alama 40 hadi 49. D inaanzia 50. Amekwama hapo tu.

Halafu angalieni mnafungua mwongozo upi. TCU hutoa viwili, kimoja cha wenye kidato cha sita na kingine cha wenye stashahada. Watu wanasoma sifa za wenzao halafu wanalalamika mfumo umewaonea. Tafuteni kozi yenyewe kwa jina kwenye toleo la mwaka huu, msome safu ya sifa mpaka nukta ya mwisho.

Njombe_Baridi
Naongezea swali hapohapo. Mdogo wangu yupo kidato cha tano CBG (Kemia, Baiolojia, Jiografia). Yeye je?

LenziTupu
CBG haina Fizikia, na C ya Fizikia ya kidato cha nne haizibi pengo hilo kwenye shahada. PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati) nayo inakosa Baiolojia. Kama ndiyo kwanza ameripoti, aombe kubadilishiwa sasa hivi, kabla wenzake hawajafika mbali kwenye mada.

Watu hushangaa kwa nini Fizikia inakaziwa kwenye kazi ya macho. Chukua kipimo cha retinoskopu, kifaa cha kumulika jicho ili kujua lenzi inayolifaa. Mpimaji anakaa sentimita 67 mbele ya mgonjwa, anapitisha mwanga kwenye mboni na kuongeza lenzi mpaka kile kivuli kiache kutembea. Tuseme kimetulia kwenye lenzi ya +3.50. Hiyo siyo miwani ya mgonjwa bado. Lazima utoe umbali wa kazi, yaani umbali kati yako na mgonjwa ukigeuzwa kuwa nguvu ya lenzi: 1 gawanya kwa mita 0.67, takriban 1.50. Jibu ni +2.00. Ukikaa sentimita 50 unatoa 2.00, na jibu linakuwa +1.50. Asiyetoa kitu anamvalisha mtu lenzi yenye nguvu kupita kiasi, anatoka mlangoni akiona ukungu mbali. Ni hesabu ya lenzi ileile ya darasani, ila hapa kuna mtu amekaa mbele yako.

KaratasiYaTatu
Turudi kwa binti. Njia mbili naziona.

Ya kwanza ni kurudia Fizikia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Usajili wa NECTA (Baraza la Mitihani) ukipita muda unalipa faini, ukipita kabisa unasubiri mwaka mwingine. Kituo kichaguliwe kwa maabara, siyo kwa ukaribu wa nyumbani. Fizikia ya kidato cha sita ina karatasi tatu na ya tatu ni vitendo. Anayejisomea chumbani mwaka mzima bila kushika vifaa huidondosha hiyo, kisha nadharia inashindwa kumbeba. Kabla ya kujisajili aulize chuo anachokilenga kama wanapokea matokeo ya mikao miwili, yaani mitihani aliyoifanya kwa nyakati mbili tofauti. Wakikubali, siku ya kuomba ajaze namba zote mbili za mtihani. Wengi hujaza ile mpya peke yake, mfumo unaona somo moja na kumkataa.

Ya pili ni stashahada. Hapa kinachosomwa ni kidato cha nne: ufaulu wa angalau masomo manne yasiyo ya dini, Kemia, Baiolojia na Fizikia zikiwemo. Yeye anazo, na ile D ya Hisabati ni mali, aitunze. KCMC, ile hospitali kule Moshi, wamefundisha stashahada ya optometria miaka mingi. Maombi ya kozi za afya ngazi hii yanapitia NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi na vya kati. Ni miaka mitatu. Ukitaka kupanda shahada baadaye, kozi za afya kwa kawaida hudai GPA (wastani wa alama za chuo) isiyopungua 3.0, na zipo zinazorudi kukagua D za kidato cha nne.

Kwa maoni yangu, kwa matokeo haya stashahada ndiyo salama zaidi. Akimaliza ana kazi mkononi hata shahada ikichelewa.

Kasumulu_Mpakani
Malawi ni kweli, Chuo Kikuu cha Mzuzu kina shahada ya optometria. Kutoka Mbeya unashuka Tukuyu, unavuka Kasumulu, Karonga, kisha Mzuzu. Lakini msiende kwa sababu ni karibu. Kwanza chuo kimjibu kwa maandishi kwamba vyeti vya NECTA alivyonavyo vinatosha, na kimpe ada ya mwanafunzi wa nje, siyo ya Mmalawi. Pili, aulize TCU kuhusu utambuzi wa chuo na kibali cha kusoma nje kabla hajalipa chochote. Akirudi, shahada ya nje lazima itambuliwe na TCU ndipo aende kwenye usajili wa taaluma.

Mlezi_Uyole
Asanteni sana, nimeelewa. Tunaelekea stashahada. Kitu gani kingine huwa kinakwamisha?

LenziTupu
Majina. Cheti cha kuzaliwa kikisema Neema na cha kidato cha nne Nehema, rekebisheni sasa. Akimaliza chuo ataomba namba ya AVN (ya kuthibitisha stashahada yake) kutoka NACTVET, bila hiyo hawezi kuomba chuo kikuu kwa stashahada. Aiombe mapema, kabla dirisha la maombi halijafunguliwa. Majina yakigongana, au chuo kikichelewa kupeleka matokeo, AVN haitoki, na dirisha halimsubiri mtu.